Kutu kwenye kitambaa cha marekani: bibi yetu kakifua kipande chake kwa ndimu, tufanyeje?

Sindano Butu, Tanga

Wadau wa sindano na rangi, habari za jioni. Nina jambo, mnivumilie maana ni refu.

Tuko wanawake tisa, tunakutana barazani kwangu kila Jumamosi baada ya saa kumi. Miaka yote tumeshona foronya na vitambaa vya meza, tunauza msimu wa harusi. Safari hii tukasema tushone kitu kimoja kikubwa cha kutundika ukutani, kisichongoja mnunuzi. Vipande tisa vya marekani, kila kimoja mita kwa mita, kila mtu na chake, mwisho tuviunge. Rangi isitoke dukani. Iwe ya kutu, na kila mmoja alete chuma kilichoozea kwake mwenyewe.

Hapo ndipo nilipowajua wenzangu. Mmoja kaleta pasi ya mkaa ya mama yake, ile yenye jogoo juu, ila jogoo kashakatika kichwa. Mmoja kaleta nati na springi kutoka gereji ya mumewe, kopo zima. Mwingine ulimi wa mbuzi ya kukunia nazi. Kuna aliyesema kwake siku hizi kila kitu ni plastiki, akaenda kuokota vizibo vya soda nje ya duka la jirani, vikapita mia. Mimi nilileta kufuli ambalo ufunguo wake sijui uliko. Na bibi, ambaye ndiye mkubwa wetu, kaleta kipande cha mnyororo wa kisima cha nyumbani kwao, kisima chenyewe kilishafukiwa.

Tulivyofanya: siki nusu, maji nusu. Kitambaa tunakilowesha, tunakikamua, tunakipanga chuma juu, tunakiviringisha kama mkeka na kukifunga kwa kamba ya katani (hiyo Tanga haikosekani). Mifuko ya rambo ilishapigwa marufuku tangu 2019, basi wengi wetu tukavitia kwenye viroba vya sukari tukavinyunyizia maji asubuhi na jioni. Wawili wakaona shida ya nini, wakatumbukiza vyao kwenye ndoo, maji ya siki mpaka juu, wakafunika kwa mfuniko.

Siku ya tatu tukafungua. Nataka niwaelezeni pasi ilivyotoka. Ncha imekuja kali, kahawia nzito karibu na nyeusi, kisha rangi inafifia kwenda kisigino mpaka chungwa la kuiva. Alipoilaza ubavu, vile vitundu vya kupitishia hewa vimejipanga kama madirisha ya behewa. Mwenyewe alikaa chini. Meno ya mbuzi yametoa nusu jua. Vizibo vimetoa pete, nyingine kamili, nyingine robo tu, kama alama za vikombe vya kahawa.

Sasa matatizo. Vile viwili vya kwenye ndoo vimetoka na rangi ya chai iliyochujwa mara ya pili. Cha nati, wiki mbili baadaye, kimetoboka mahali pawili, kidole kinapita. Na la tatu ndilo limenileta huku.

Bibi alichukua chake akakianike kwao. Jumamosi iliyofuata kaja nacho kimekunjwa mara nne, kimepigwa pasi, cheupe. Akakiweka mkekani: “Nimekifua, mwanangu. Kilikuwa na kutu.” Ndimu na chumvi, kakitandaza juani, karudia mara tatu mpaka kikatakata. Hakuna aliyenyanyua mdomo. Huyu ndiye aliyetufundisha nusu yetu kushika sindano, na kanzu za marehemu mumewe mtaa mzima ulizijua kwa weupe. Ukikinyanyua kwenye mwanga unaona kivuli cha mnyororo, pete nne au tano, basi.

Wenzangu wanataka turudie kipande hicho kimyakimya kwa kitambaa kingine. Mimi moyo unakataa, lakini cheupe kimoja katikati ya vinane vya kutu kitakaa kama jino la bandia. Mnasemaje? Na hayo mengine mawili nayo mnisaidie.

Fundi wa Bati, Mombasa

Dada, mimi ni mtu wa kuchomelea mageti, kitambaa sikijui, ila kutu naijua kama ndugu wa damu. Kutu yataka vitu viwili pamoja: maji na hewa. Wale wa ndoo walinyima hewa. Chuma kikizama mzima kwenye maji na mfuniko juu, kutu yaja polepole mno. Hicho kiroba chenu cha sukari kilikuwa chapumua, ndiyo maana kikafanya kazi. Kitambaa kiwe kibichi, kisiwe chaogelea.

Mkitaka kuharakisha, nyunyizeni maji ya bahari. Huku kwetu geti la mtu wa ufuoni laliwa miaka michache, na la yule wa bara bado lang'aa. Chumvi hiyo.

Angalieni pia mwatumia chuma gani. Bati jipya la kuezekea limepakwa zinki, halitoi kitu mpaka zinki iishe. Sufuria za alumini hazishiki kutu kabisa. Vizibo vya soda ni chuma, vyafaa, ila vikwangueni rangi ya juu. Na chuma chenye rangi ya zamani inayobanduka msikikwangue ndani ya nyumba, rangi za kale nyingine zina madini ya risasi.

La mwisho: mkiishiwa mkaenda kwa muuza chuma chakavu, misumari ya reli msiguse hata akiwapa bure. Mtaeleza polisi ni sanaa, watacheka, halafu watawafunga. Vaeni glavu. Anayechomwa na msumari wa kuokota chini aende kudungwa sindano ya pepopunda, asingoje.

La bibi simo.

Mama Kaniki, Dar es Salaam

Nimefanya kazi ya kutia rangi vitambaa muda mrefu, kutu nimeicheza kidogo tu, lakini matundu yako nayajua.

Siki na chuma havijui kwamba umeshamaliza. Usipovitoa vinaendelea kula pamba, na penye kutu nzito ndipo panapokatika kwanza. Mlivisuuza na nini baada ya kufungua? Kama ni maji matupu, au mlitumia chumvi kwa kudhani inatuliza, ndiyo sababu. Watu wanaandika sana kwamba maji ya chumvi yanasimamisha kutu. Fundi hapo juu kashasema, chumvi inaiamsha. Asidi inatulizwa na magadi. Vijiko viwili vya chakula kwenye ndoo ya lita 10, kitambaa kikae nusu saa, kisha sabuni, kisha maji safi mpaka yasitoke na mchanga mchanga wa kahawia. Na hata hivyo, kitambaa chenye chuma hakidumu kama kingine. Wanaotunza nguo za zamani kwenye makumbusho wanahangaika na nyeusi zilizotiwa kwa chuma, uzi unakuwa unga. Kwa hiyo kile cha nati kipe kitambaa cha pili nyuma, ukitandike kwa mishono midogo, na hayo matundu uyazungushie uzi uyaache yaonekane.

Swali moja: hiyo marekani yenu ni pamba kweli? Jina lilibaki tangu karne ya 19, wafanyabiashara wa Salem walipoileta Unguja kutoka Marekani, ila dukani leo unaweza kuuziwa chochote kwa jina hilo. Chomoa nyuzi mbili uzichome. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Ikijikunja na kuwa kidonge kigumu cheusi, kuna poliesta ndani, na poliesta haipokei kutu vizuri. Na kama ni kitambaa kipya mlipaswa kukichemsha na sabuni kwanza, kina uwanga.

Hivyo viwili vilivyopauka usivitupe. Chemsha majani ya chai mengi, kijiko kisimame, ipoe, vitumbukize. Penye chuma hata kidogo pataingia kijivu, pengine nyeusi, mbele ya macho yako. Magamba ya mkandaa, ule mti wa mikoko, ni makali zaidi ukiyapata kwa halali. Ni jambo lile lile wanalofanya nchini Mali kwenye bogolanfini, vitambaa vyao vya tope: kitambaa kwanza kinalowekwa kwenye maji ya majani, kinakuwa manjano, halafu kinachorwa kwa tope lenye chuma lililovundikwa muda mrefu. Tope likikutana na yale majani linageuka jeusi. Tofauti yenu ni kwamba nyie chuma kimetangulia.

Sufuria mtakayotumia isirudi jikoni.

Tarabushi

Mama yangu alinichapa mwaka mzima kwa sababu ya doa la kutu kwenye shati la shule. Leo nasoma watu wananunua siki kuyatafuta. Bibi apewe haki yake, ndiye peke yake aliyefanya kazi siku hiyo 😂

Uzi na Waya, Nairobi

Nacheka na Tarabushi lakini nadhani kagusa penyewe.

Sindano Butu, mmesema kila mtu na kipande chake. Basi kile ni chake. Mkirudia kwa siri mtakuwa na kazi ya watu wanane na uongo mmoja, na bibi ataujua siku ya kwanza, kwa sababu mshono wake anaujua.

Mimi huwa nawaza kuhusu El Anatsui, msanii Mghana aliyefanyia kazi Nigeria miaka mingi. Yale mashuka yake makubwa ya vizibo vya chupa vilivyofungwa kwa waya wa shaba yanatengenezwa na mikono ya watu wengi, na yakishafika anakoyapeleka, haamrishi yatundikwe vipi. Wanaotundika wanaamua wapi pakunjwe na wapi paning'inie. Mwaka 2023 alijaza ule ukumbi mkubwa wa jumba la sanaa la Tate Modern kule London. Anawaachia wengine nafasi ya kukiamulia kitu chake, na bado ni chake. Sisi tunasema tunashirikiana, lakini mwenzetu akifanya tusilolitarajia tunatafuta namna ya kulifuta.

Halafu kiufundi, hebu fikirieni bibi kafanya nini hasa. Ndimu imeng'oa kutu. Yaani mna rangi, na sasa mna kifutio.

Sindano Butu, Tanga

Nimerudi. Ahsanteni wote, na Fundi wa Bati usijali, reli hatuigusi.

Kwanza nyuzi tulizichoma. Pamba, alhamdulillahi. Kuchemsha hatukuchemsha, hilo kosa letu. Na ndiyo, tulisuuza kwa maji ya chumvi, mimi mwenyewe nilisoma mahali nikawaambia wenzangu. Aibu yangu.

Chai imefanya maajabu. Tulitumia majani ya bei rahisi, robo nzima, na kipande cha kwanza kilipozama tu, zile pete hafifu zikaanza kuingia wingu, kijivu chenye ubuluu ndani yake, kama anga ya masika kabla haijamwaga. Mwenye nacho alikuwa ameshakata tamaa, sasa anakitembeza kwa majirani.

Kuhusu bibi. Nilikwenda kwao peke yangu, nikamsalimia, nikakaa, tukaongelea bei ya mchele na goti lake, mwisho nikasema. Nilimweleza kwamba ile kutu tuliitaka. Akanitazama muda. Kisha: “Mlisema rangi. Mngesema ni picha ya mnyororo ningeiacha.” Na kweli, nikikumbuka siku ile, kila mtu alisema rangi, rangi. Bibi kaangalia kitambaa, hakuona rangi yoyote anayoijua, kaona doa. Kafanya anachofanya kwa doa.

Nikamwambia la kifutio, alilosema Uzi na Waya. Hakujibu. Jumamosi kaja na ndimu kwenye upindo wa kanga na kijiti cha ufagio. Akaomba kipande changu cha kufuli, kwa sababu, anasema, hicho ndicho kibaya kuliko vyote (sikubishi, kimetoka doa tupu kama ramani ya nchi isiyojulikana). Akachovya kijiti kwenye ndimu yenye chumvi, akaanza kuvuta mstari kwenye ile kahawia. Mwanzoni huoni kitu, unaona majimaji tu. Baada ya muda juani mstari ukaanza kupauka, chungwa, halafu manjano, halafu karibu mweupe. Akaongeza mwingine kando yake. Pete kwa pete. Alikuwa anachora mnyororo wa kisima, kwenye kufuli langu, na mkono wake wala hautetemeki.

Kwa hiyo kipande chake cheupe kinakaa katikati kama kilivyo, na kile changu kitakuwa jirani yake.

Mama Kaniki, nakuuliza: baada ya ndimu nako nipitishe magadi?

Mama Kaniki, Dar es Salaam

Pitisha, tena siku hiyo hiyo. Ndimu nayo ni asidi, ikikaukia ndani ya pamba inaidhoofisha. Lakini mngoje amalize, magadi yakigusa ndimu kazi yake inakufa palepale. Na kama kile cha chai mtakichora kwa ndimu, jaribuni kwanza pembeni. Nyeusi ya chai na chuma huenda isitoke sawa na kutu tupu.

Sindano Butu, Tanga

Nimeelewa. Magadi nimenunua nusu kilo. Ndimu bibi kasema tusinunue, anao mti. Mwenye pasi ameshatangaza kwamba kipande chake kitaletwa siku ya kuunga tu, na kitakaa mapajani mwake mpaka uzi wa mwisho.