Mrejesho: Nimepunguza kazi za cherehani ili nipate jioni zangu

Ndugu zangu, mwanzoni mwa mwaka niliomba ushauri kuhusu biashara yangu ya ushonaji hapa Tanga, ninayoiendesha peke yangu, kwa sababu ilikuwa imemeza jioni zangu na Jumapili zote. Wengi mlinishauri niajiri msaidizi. Nawashukuru, lakini kumsimamia mtu nako ni kazi, nami nilikuwa natafuta kupunguza.

Nilichofanya ni kuacha marekebisho ya nguo zilizoshonwa na mafundi wengine, ambayo yalikuwa yakinimalizia muda kwa malipo madogo, nikabaki na magauni ya vitenge pamoja na sare za shule. Sare huziandaa mapema, mwezi wa Novemba na Desemba, nikikata vitambaa vya saizi moja kwa pamoja kabla shule hazijafunguliwa Januari. Vilevile sipokei tena kitambaa bila malipo ya awali ya nusu ya bei, na tarehe ya kuchukua nguo huiandika daftarini mbele ya mteja mwenyewe. Daftari hilo limepunguza simu za usiku kuliko jambo jingine lolote.

Mapato yameshuka kidogo, sitaficha, na baadhi ya wateja wa zamani wamehamia kwa wengine. Msimu wa Idi bado unanishinda, kwani katika kumi la mwisho la Ramadhani hakuna ratiba inayosimama. Kwa aliyeuliza kuhusu simu ya kazi, huizima saa kumi na mbili jioni na kuiacha dukani.