Naomba ushauri: mdogo wangu kaitwa Thailand kufundisha Kiingereza

Habari zenu ndugu zangu. Niko Moshi, nina mdogo wangu wa kike, ana digrii ya ualimu na miaka miwili anajitolea tu. Wiki hii kaletewa kazi ya kufundisha Kiingereza Thailand. Mama huko Old Moshi ameshapata mteja wa ng'ombe ili nauli ipatikane.

Jana tuliprinti mkataba steshenari, nikausoma mara tatu. Jina la shule halipo. Sehemu ya mwajiri pameandikwa "mshirika wetu". Wakala anataka aingie kwa viza ya utalii, eti vibali vitashughulikiwa akishafika, na pasipoti akabidhi kwa mwenyeji. Ninavyojua, kule mwalimu anatakiwa viza ya Non-Immigrant B na kibali cha kazi. Kufanya kazi kwa viza ya utalii ni kosa.

Kilichoninyima usingizi ni mji: Mae Sot. Nimeangalia ramani, ukivuka mto Moei tu uko Myawaddy, Myanmar, kule ambako mwaka 2025 waliokolewa maelfu ya watu waliofungiwa wakilazimishwa kutapeli mitandaoni, Waafrika wakiwemo. Mae Sot kuna shule za kweli, sikatai. Lakini shule ishindwe kujitaja?

Aliyewahi kufundisha huko, mlihakikishaje shule kabla ya kusafiri? Wakala nimthibitishe wapi kama ana leseni? Na nimwambieje mdogo wangu asione namwonea wivu? Mteja wa ng'ombe anakuja Jumamosi.