Mjadala: mwenye nyumba akikataza resho, moto umezuiwa au umehamishwa?

Mpangaji wa Nyamugo

Ndugu zangu wa Bukavu, leteni mawazo. Parseli yetu, yaani kiwanja tunachopanga pamoja, ina familia sita, nyumba za mbao na mabati, mita moja ya umeme kwa wote. Mwezi uliopita mwenye nyumba alipita mlango kwa mlango: resho la umeme, lile jiko dogo la kupikia, marufuku, atakayekutwa nalo atafute pa kuhamia. Anasema anatukinga na moto, na kuna majirani wanaomsifu. Mimi nasema moto hajauzuia. Ameuhamisha tu.

Kilichomfikisha hapo ni hiki. Mama wa chumba cha tatu alikuwa anapika maharage kwenye resho, umeme ukakatika saa moja ya jioni. Maharage hayangoji mtu. Akawasha mbabula, jiko la makaa, uani, akahamishia sufuria huko. Resho likabaki chini ya dirisha, swichi yake ikiwa bado imefunguliwa, maana nani anakumbuka kuzima kitu ambacho kimeshazimika chenyewe? Chumba ni kidogo, basi usiku akalifanya meza: akaweka juu yake beseni la plastiki lenye nguo alizoanua. Umeme ukarudi saa nane usiku.

Harufu ndiyo iliyoniamsha, kwanza ya plastiki, halafu ya kitambaa. Tulipousukuma mlango, beseni lilikuwa limelegea juu ya lile chuma kama uji mzito, nguo zinawaka, na ubao wa ukuta umeanza kuwa mwekundu pembeni. Watoto watatu walikuwa wamelala hatua mbili kutoka pale. Wametoka wote, Mungu asifiwe. Tuliuzima kwa mchanga wa jirani anayejenga. Ziwa tunaliona kila asubuhi kutoka huku juu, lakini usiku ule parseli nzima ilikuwa na ndoo mbili za maji.

Tangu amri itoke, mbabula zimeingia ndani. Wakati wa mvua utapikia wapi? Jana jioni nilihesabu nne, moja iko karibu na pazia kiasi kwamba mtoto akipita mbio pazia linaigusa. Niambieni: tumepona?

Papa wa Bagira

Mdogo wangu, pole sana kwa mliyoyaona. Lakini unisikie na mimi ninayepangisha. Vyumba vyangu vitano nimevijenga kwa miaka kumi na moja, bati kwa bati. Ndiyo pensheni yangu, sina nyingine. Moto ukiingia, mpangaji anabeba godoro anaenda kwa shemeji yake. Mimi nabaki na majivu.

Na wapangaji nao wana mambo. Niliingia kwa mmoja kudai kodi, nikakuta ralonji moja, waya wa kurefushia umeme, imebeba resho, friji, televisheni na pasi, imepita chini ya zulia. Chini ya zulia! Mwingine alileta fundi wake wa barabarani akatoboa ukuta bila kuniuliza. Halafu mita ni moja, malipo mnagawana sawasawa, kwa hiyo mwenye resho anapika kwa pesa ya mwenzake. Ugomvi huo wanauleta kwangu saa tano usiku. Nikikataza resho naitwa mwenye roho mbaya. Ningefanya nini?

Fundi umeme, mtaa wa Essence

Papa, shikamoo. Naingia kwa heshima kwa sababu nyumba hizi ndizo kazi yangu ya kila siku.

Resho la wati 2000 kwenye voliti 220 linavuta kama ampea 9. Nyumba nyingi za kupanga ninazozifungua zina waya wa milimita mraba 1.5, ambao unatakiwa kulindwa na dijonkteri, swichi inayojikata yenyewe mzigo ukizidi, isiyozidi ampea 16. Maresho mawili kwenye laini moja ni ampea 18, tayari umepita. Dijonkteri ikiwepo, mzigo ukizidi sana itaruka, watu watanuna, watazima resho moja, hakuna atakayekufa. Shida ni kwamba mara nyingi haipo. Pale penye fyuzi ya zamani mtu amechoka kuibadilisha, amechomoa uzi wa shaba kwenye waya mwingine akauzungusha hapo. Uzi ule haukatiki. Sasa kinachopata moto ni waya wenyewe ndani ya ubao, mahali msipopaona. Resho lenu la kweli liko ukutani.

Na viungo, jamani. Nyaya mbili zimesokotwa kwa mkono, zimefungwa skochi, ile gundi ya utepe ya kufungia karatasi. Kiungo kikilegea kinapata joto hata kwa mzigo mdogo. Prizi, pale unapochomeka vifaa, ikiwa na weusi pembeni, au ukiigusa ni ya moto, au kuna harufu kama ya samaki aliyeoza na samaki hamjanunua, zima kwenye mita, usiitumie tena.

Kwa hiyo Papa, ukikataza resho lakini nyaya ukaziacha, pasi na friji zitakufikisha palepale, polepole kidogo tu. Vuta laini ya jiko peke yake, waya wa milimita 2.5, dijonkteri yake ya ampea 16 au 20. Na kila chumba kiwekewe mita ndogo ya kuhesabia, ugomvi wa malipo utakwisha.

Yaya wa Panzi

Mimi nataka kusema juu ya mbabula ndani, maana wanaume mnahesabu ampea mnaisahau. Julai kulikuwa na baridi, nikaingiza mbabula chumbani makala (makaa) yakiwa yameshakolea, hayatoi moshi, nikafunga mlango. Niliamka kichwa kinapasuka, natapika, miguu haina nguvu, mtoto analala usingizi ambao si wake. Jirani ndiye aliyefungua. Ile hewa ya makala haina harufu wala rangi, inakulaza na kukuchukua. Mwenye nyumba anayenifukuza kwenye resho ananisukuma kwenye hiyo. Ajenge basi hata kibanda cha kupikia uani, mabati manne na nguzo, mbali na kuta za mbao.

Msomaji wa sheria, Ibanda

Kwa wanaouliza nani analipa. Kifungu cha 258 cha Kitabu cha Tatu cha sheria yetu ya madai ya Kongo, kilichotokana na agizo la 30 Julai 1888, kinasema aliyesababisha hasara kwa kosa lake ailipe. Hakisemi mpangaji, hakisemi mwenye nyumba. Kinatafuta kosa. Nyaya mbovu zilizokuwepo kabla hujaingia na resho lililoachwa bila kuzimwa ni makosa ya watu wawili tofauti. Ndiyo maana siku ya kuingia piga picha za prizi, mita na dari, andikeni hali ya nyumba kwenye karatasi, mtie sahihi wote wawili.

Na garanti, pesa ya dhamana unayompa mwenye nyumba unapoingia: sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 imeweka kodi ya miezi mitatu kuwa mwisho kwa nyumba ya kuishi. Anayedai miezi sita anadai asichoruhusiwa.

Kijana wa Cimpunda

Mmeacha esansi, petroli. Kwetu kuna mtu anaiuza kwa bidoni, madumu, anazilaza chini ya kitanda, ukuta wake ni ukuta wetu. Shefu wa avenyu, kiongozi wa barabara yetu, anajua.

Mpangaji wa Nyamugo

Kijana, hiyo usiiache hata kesho. Nendeni kwake watu watano kwa pamoja, mtu mmoja atamwona ni adui.

Papa wa Bagira, la ralonji chini ya zulia umenishinda, sina la kuwatetea. Swichi ni yangu mpangaji. Umeme ukikatika nichomoe resho kwenye prizi hata kama narudi baada ya dakika tano. Tangu usiku ule hilo tumewafundisha hadi watoto wa shule, na mama wa chumba cha tatu ndiye anayepita kukagua. Mafuta yakiwaka kwenye sufuria tufunike, tusimwagie maji. Hayo ni juu yetu, na hatuhitaji ruhusa ya mtu.

Lakini waya ulioko ndani ya ubao ni wako. Siwezi kuufikia, nikiugusa unasema nimeharibu nyumba, nisipougusa naungua nao. Unapopokea garanti yangu unapokea na jukumu la ule waya. Ndiyo sababu naikataa amri ya kukataza resho: inamfanya mwenye nyumba aonekane ameshughulikia moto bila kufungua hata prizi moja. Wetu alipita milango sita siku ile, hakuinua macho kutazama mita.

Na kuna jambo lingine linaloniuma. Kati ya nyumba yetu na ya nyuma palikuwa na njia ya kupita mtu na ndoo. Imejengwa chumba, kinapangishwa. Gari la zimamoto haliwezi kupanda Nyamugo hadi kwetu, ngazi na vichochoro vinalizuia. Njia ile ndiyo ilikuwa zimamoto yetu.

Papa wa Bagira

Umesema kwa adabu, nimekusikia. Resho sitaruhusu leo, nisikudanganye. Fundi, uje Jumamosi baada ya salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, ufungue mita mbele yangu na mbele ya wapangaji, uniambie waya wa 2.5 utakula mita ngapi kwa vyumba vitano. Nikishajua bei nitarudi hapa.

Mpangaji wa Nyamugo

Asante, Papa. Na dirisha la chumba chako cha nyuma, kama lina vyuma vya wezi visivyofunguka kutoka ndani, fundi alitazame hilo pia. La chumba cha tatu lilikuwa hivyo.

Papa wa Bagira

Linavyo. Yote matano.