Naomba ushauri: waandishi huru wa siasa wa kusoma kuelekea uchaguzi mkuu wa Kenya, Agosti 2027

Hamjambo wapendwa. Natafuta waandishi wa siasa wasiotegemea chama wala mfuko wa mgombea.

Agosti 2022 runinga zilitupa hesabu za urais zisizolingana. Usiku huo mimi na kaka yangu tulifungua tovuti ya IEBC, tume ya uchaguzi, tukawa tunasoma fomu 34A, zile za matokeo ya urais ya kila kituo, moja moja kwenye simu, kalamu na daftari mkononi. Vituo vilikuwa zaidi ya 46,000, tukafika 60 hivi, bando likaisha. Nilichohitaji ni mtu wa kunieleza kwa utulivu maana ya ninachokiona.

Ninasoma jarida la mtandaoni The Elephant na kufuatilia wanahabari wa uchunguzi wa Africa Uncensored, kazi zao nazipenda. Lakini mengi ni ya Kiingereza, na mama yangu hapa Likoni, Mombasa, ambaye hajawahi kukosa kupiga kura, hapati kitu.

Kwa hivyo, nani anachambua vizuri kwa Kiswahili, hasa ugavana na wadi za huku Pwani? Na nyinyi mnamjuaje mwandishi aliyekwisha kununuliwa? Mwaka huo nilimwamini mmoja miezi mingi, kumbe alikuwa analipwa na kambi ya mgombea. Iliniuma sana.