Naomba ushauri: nataka kushusha kimo cha Hilux ya zamani, fundi anasema ni kazi ya siku moja

Mbondei_Halisi
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, hasa mafundi na wenye pickup. Nina Hilux LN85 ya 1993, injini 2L, bodi bado ngumu na chesisi haijachomelewa popote. Nataka ishuke kama inchi tatu mbele na nyuma, ikae vizuri na rimu mpya. Nimeona vijana wa Afrika Kusini wanavyozishusha pickup zao ndogo za Nissan 1400, moyo ukanasa hapo hapo. Fundi wa huku kwetu anasema mbele atakata springi mizunguko miwili, nyuma atapunguza pleti, vile vyuma bapa vya springi. Wasiwasi wangu ni barabara. Niko Muheza, lami ipo, ila ukiiacha tu unakutana na makorongo. Je, itanisumbua? Jambo hili linaninyima usingizi, naomba majibu ya kistaarabu.

Kijiwe cha Chumbageni
Mkuu, hela ya rimu na fundi ungeongezea kidogo ukachukua kagari kadogo ka IST. Yenyewe imezaliwa ikiwa chini.

Mbondei_Halisi
Sihitaji IST, kaka. Nimeuliza kuhusu Hilux.

Babu_109
Mjukuu wangu, ngoja nikupe kisa. Zamani nilikuwa na Land Rover 109, napakia kabichi Lushoto napeleka Tanga. Siku moja pleti kubwa ya nyuma ikakatika karibu na Soni. Utingo akasema tufunge kwa mpira twende, na mimi nikamsikiliza. Unazijua zile kona za kuteremkia Mombo? Ekseli ikawa inahama, gari inaelekea ukingoni na usukani umenyooka. Tulishusha kabichi zote barabarani tukalala na nyani. Pleti za springi si pambo. Ndizo zinazoishika ekseli mahali pake.

Kijiwe cha Chumbageni
Babu, kabichi zilipona?

Babu_109
Nyani walikula za kutosha.

Fundi_Shokapu
Mleta mada, kabla hatujafika mbali: hiyo gari inafanya kazi gani? Inatembea tupu au inabeba mzigo?

Mbondei_Halisi
Ni matumizi ya kawaida tu, mkuu.

Fundi_Shokapu
Kawaida ya nani? Pickup ya kwenda kazini na pickup ya mzigo ni magari mawili tofauti hata kama yametoka kiwanda kimoja. Sema inabeba nini.

Mama Zubeda
Na mimi nauliza, mwanangu: kadi ina jina la nani? Maana umeandika "nina Hilux", na huyo mtoto wa 1993 amekuzidi umri, au nakosea?

Mbondei_Halisi
Sawa, niseme. Msimu wa machungwa inabeba ya mama, kutoka shamba hadi Tanga mjini. Dereva ni wa mama. Kadi ina jina la marehemu baba. Mirathi bado hatujafungua, lakini kaka mkubwa alishatamka mbele ya watu kwamba gari ni langu, kwa sababu ndiye mimi niliyekuwa naiosha na kuifungua na baba tangu niko darasa la tatu. Sioni tatizo. Wala siiharibu, naitunza. Rimu nimeshanunua, fundi nimeshampa nusu ya hela, na nyuma ameshatoa pleti mbili kila upande. Imekaa vizuri sana, tuseme ukweli.

Mama Zubeda
Hapo sasa ndipo palipokuwa pamefichwa. Mwanangu, kaka kutamka si mgawo. Mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi na mali zigawiwe, gari hilo ni la warithi wote, na mama yako yumo. Mimi nilifiwa na mume, shemeji zangu wakaanza na mambo madogo madogo kama haya, "tunatengeneza tu". Jenereta ikatengenezwa mpaka ikaishia kwao. Sisemi wewe ni mtu wa namna hiyo. Nasema mwulize mama kwanza, kwa mdomo wako, mkae chini.

Mbondei_Halisi
Mama yangu haelewi mambo ya gari, nitamsumbua bure. Na mimi ndiye ninayelipa bima na kununua oili. Hakuna ndugu mwingine aliyewahi kutoa hata shilingi ya filta.

Jicho_Kali
Wakuu, tunapigwa kamba. LN85 mbele haina springi za mizunguko. Sasa fundi anakata mizunguko gani? Huyu kaona picha za Nissan 1400, kaongezea marehemu na machungwa ili tumhurumie. Hii chai, tena haina hata sukari.

Kijiwe cha Chumbageni
Duh! Babu kalala na nyani bure.

Babu_109
Mimi nimeandika yaliyonipata. Ya kijana ajibu mwenyewe.

Mbondei_Halisi
Kwa nini nimzulie baba yangu kifo? Nimeingia chini ya gari sasa hivi na tochi. Kweli, sijaona springi ya mzunguko. Kila upande kuna chuma kirefu cha mviringo, kinene kama mpini wa jembe, kinatoka kwenye mkono wa tairi la mbele kinarudi nyuma kufuata chesisi. Mwisho wake kuna bolti ndefu yenye nati, imejaa grisi kavu na udongo mwekundu. Suala la kukata mizunguko ni maneno ya fundi, mimi nimeyaandika kama alivyoyasema.

Jicho_Kali
Hapo nimekuamini. Hiyo ndiyo tosheni baa. Kwa hiyo mwongo ni fundi wako. Amepokea hela ya gari ambayo upande wa mbele hajawahi kuingia chini yake.

Fundi_Shokapu
Sasa tuongee. Chuma hicho ndicho springi yako ya mbele, kinafanya kazi kwa kujisokota. Mbele inashuka kwa kulegeza ile bolti, hakuna kukata kitu. Kabla ya kugusa, pima bolti imetokeza kiasi gani na uandike, pande zote mbili. Ukishusha lazima ukapige alaimenti, yaani kunyoosha matairi, la sivyo tairi zitaliwa upande mmoja. Na usishushe mpaka mkono ulalie raba ya kugongea, maana kila tuta utalipokea mgongoni.

Nyuma ndiko kunakonitisha. Kutoa pleti ni kupunguza nguvu ya kubeba. Pleti zilizobaki zinabeba machungwa yaleyale, zitapinda ziende upande wa pili, mwisho zitakatika. Anayetaka kushusha pickup isiyobeba mzigo anaacha springi nzima, anahamisha mahali ekseli inapokaa kwa bloku ya chuma kati ya springi na ekseli, na yubolti ndefu, bolti za umbo la U zinazozibana. Ya mzigo usiishushe nyuma kabisa.

Halafu kitu ambacho mafundi wengi wanakiruka. Angalia juu ya diff, lile bonge la katikati ya ekseli ya nyuma: kuna fimbo inayopanda hadi kwenye valvu ya breki chini ya chesisi? Valvu hiyo inapima mzigo kwa umbali wa ekseli na chesisi. Gari ikishuka, inadhani umepakia, inapeleka breki nyingi nyuma. Ukiwa tupu kwenye mvua, matairi ya nyuma yanajifunga na gari inageuka.

Mbondei_Halisi
Valvu ipo. Fimbo haijafungwa kwenye diff, imening'inia imeelekea chini, imefungwa na waya wa bati. Waya bado unang'aa.

Fundi_Shokapu
Waya mpya, kwa hiyo ni huyo huyo fundi. Ikielekea chini hivyo, valvu inadhani gari ni tupu muda wote. Ukipakia, breki za nyuma hazisaidii, mbele ndiyo inabeba kazi yote. Muulize dereva kama breki zinachelewa akiwa na mzigo.

Mbondei_Halisi
Juzi alilalamika. Nilidhani anatafuta sababu ya kutokwenda shamba.

Mama Zubeda
Na ndani ya gari hilo anakaa na nani siku ya sokoni?

Mbondei_Halisi
Na mama.

Rimu sirudishi, hizo ni zangu. Lakini kesho gari haitoki, machungwa nitakodi Canter. Pleti nazifuata asubuhi kwa fundi kabla hajaziuza, na jioni nakaa na mama.

Fundi_Shokapu
Chukua na sentabolti mpya mbili, zile bolti za kubana pleti katikati, za zamani usizirudishie. Na hiyo fimbo ipige picha kabla hujakata waya, uniletee hapa nikuelekeze inavyofungwa.