Kuhamia Mombasa na watoto watatu: Kiembeni, Tudor, Mikindani au Mtwapa?

Baba Zawadi

Wenyeji, hamjambo. Naandika kutoka Nakuru. Mwajiri wangu ananihamishia ofisi ya Shimanzi, kazi ya kutoa mizigo bandarini. Mke wangu ni mwalimu wa TSC, tume ya serikali ya walimu, na amepata uhamisho hadi shule ya msingi moja huko Bamburi. Watoto ni watatu: Zawadi yuko Gredi ya 8, anayemfuata Gredi ya 4, na kitinda mimba anaingia PP2, chekechea ya pili. Gari ni moja, la zamani. Kodi tunaweza kulipa hadi 35,000 kwa mwezi, tukijibana sana 40,000. Baadaye tungependa kununua, tuna akiba ya milioni 3 na Sacco inaweza kutuongezea.

Nimepunguza orodha hadi Kiembeni, Tudor, Mikindani na Mtwapa. Nikiangalia kilomita peke yake, Mikindani inanifaa mimi na Kiembeni inamfaa mke. Halafu kuna dalali anayenisukumia nyumba ya kununua Majengo, vyumba sita, kwa bei ambayo hapa Nakuru singepata hata kiwanja. Nisaidieni kulinganisha.

Mama wa Tudor

Karibu Mombasa, Baba Zawadi. Kilomita hazitakusaidia huku. Mji wenyewe ni kisiwa na milango yake ni mitatu: Daraja la Nyali upande wa kaskazini, Makupa upande wa bara, na feri ya Likoni kusini. Shimanzi yako na Tudor ziko kisiwani; Bamburi ya mkeo, Kiembeni na Mtwapa ziko ng'ambo ya kaskazini; Mikindani iko upande wa bara. Kwa hivyo kila mtaa uuulize swali moja: nani katika nyumba yangu atavuka wapi, saa ngapi, akielekea upande gani?

Asubuhi magari yote yaingia kisiwani. Jioni yote yatoka. Mkikaa Tudor, mkeo atatoka kisiwani saa ambayo wengine waingia, na atarudi wakati wengine watoka. Atawaona wenzake wamekwama upande wa pili naye apita. Wewe Shimanzi waenda kwa tuktuk, hata matatu huhitaji, na gari utamwachia yeye. Zawadi akimaliza junia, sekondari za kisiwani ziko tele: Allidina Visram, Mama Ngina, Tudor yenyewe.

Sitakuficha ubaya wake. Kwa 35,000 Tudor utapata fleti ya zamani ya vyumba viwili, pengine vitatu ukibahatika, ghorofa ya tatu bila lifti, mabomba yameliwa na chumvi na pa kuegesha gari ni kugombania. Uwanja wa watoto kucheza hakuna. Lakini saa zako mbili za kila siku utabaki nazo.

Mkazi wa Kiembeni

Mama wa Tudor, heshima zako, hesabu hiyo ni ya watu wazima wawili. Watoto je? Hapa kuna wawili wadogo, na mama yao afundisha Bamburi. Wakikaa Kiembeni, shule yaweza kuwa hiyo hiyo ya mama au ya jirani. Mtoto akishikwa na homa saa nne asubuhi, mama afika kabla mwalimu hajamaliza kuandika jina lake kwenye daftari. Wakikaa Tudor, ama wawabebe watoto kuvuka daraja kila siku, ama wawaache kisiwani na wazazi wote wawili wako kazini.

Atakayeumia Kiembeni ni baba peke yake. Na yeye kazi yake ni ya bandari! Watu wa kutoa mizigo hawatoki saa kumi na moja, meli haina adabu ya saa za ofisi. Akipanda matatu kabla jua halijachomoza, Kongowea atapita kabla malori ya mboga na mikokoteni hayajafunga barabara ya soko, na usiku akirudi daraja liko wazi. Nina majirani wengi waishio hivyo.

Pesa ya vyumba viwili Nyali, Kiembeni yakupa vitatu na ua mdogo wa kuanikia nguo. Ila njoo uitazame nyumba wakati wa masika, Aprili hadi Juni. Baadhi ya njia za ndani hugeuka mito, na dalali hatakupeleka siku hiyo kwa hiari yake.

Fundi wa Magongo

Mikindani itoe kwenye orodha. Nakaa upande huu na naupenda, sisemi kwa chuki. Wewe peke yako ingekufaa: washuka Changamwe, wapita Makupa, Shimanzi hiyo. Lakini mkeo ataingia kisiwani kwa Makupa pamoja na malori ya makontena, akikate kisiwa kizima, kisha atoke kwa Daraja la Nyali. Kila siku, huku atakiwa afike kabla ya kengele.

Mtaa huu ni wa watu wa Changamwe, uwanja wa ndege, Kipevu, na stesheni ya SGR ya Miritini. Kama mwenzi wako hana kazi kaskazini, hapo tungeongea mengine, kwa sababu kodi ni rafiki.

Kijana wa Shika Adabu

Mbona kusini hakuna anayekutaja? Tangu barabara ya Dongo Kundu ifunguliwe mpaka upande wetu, mwenye gari hahitaji feri tena. Watoka Ng'ombeni, wapita juu ya yale madaraja marefu ya Mwache na Mteza, watokea Miritini. Na kwa miguu feri ni bure. Viwanja vya Ng'ombeni na Waa ukilinganisha na Bamburi utacheka.

Mkazi wa Kiembeni

Yakhe, mkewe afundisha BAMBURI.

Kijana wa Shika Adabu

Mimi nazungumzia kununua, si kupanga. Walimu huhamishwa tena. Ardhi haihamishwi.

Jirani wa Mtwapa

Niseme la Mtwapa kabla halijapitwa. Kwa mke si pabaya hata kidogo: avuka daraja la mkono wa bahari, apita Shimo la Tewa na Shanzu, yuko Bamburi kabla hajafika panapobana. Kwa baba ni adhabu. Ni kama kilomita 16 hadi mjini, na matatu husimama kila penye mtu aliyeinua mkono. Kazi za kupanua barabara hii kuelekea Kilifi nazo zimetuletea vumbi na mchepuko ambao leo uko hapa, kesho pale.

Nyumba ni nzuri na nyingi ni mpya. Chagua uchochoro vizuri, mbali na barabara kuu, maana Mtwapa haina usiku. Watoto wako watajua nyimbo za baa kabla ya nyimbo za shule.

Na kitu ambacho wageni husahau: ukivuka ule mkono wa bahari umeingia Kaunti ya Kilifi. Basari za kaunti utaomba huko, kodi ya ardhi utalipa huko, na ukiwa na shida ya barabara ama maji usimpigie mwakilishi wa Mombasa.

Wakili Asiyevaa Suti

Mitaa mmeieleza vizuri, mimi nimesimama kwenye ile nyumba ya Majengo. Baba Zawadi, muulize dalali neno moja tu: hiyo nyumba inauzwa na ardhi, au ni nyumba bila ardhi?

Mombasa kuna utaratibu wa zamani ambao Nakuru huukuti. Mwenye ardhi ni mtu mmoja, mwenye nyumba ni mtu mwingine. Babu alijenga nyumba ya Kiswahili, vyumba sita na ukumbi katikati, juu ya kiwanja cha familia nyingine, na kila mwezi alilipa kodi ya kiwanja. Watoto wake wakarithi kuta na paa. Leo wanauza kuta na paa. Majengo, sehemu za Kisauni, Likoni na Changamwe, nyumba za aina hii ni nyingi na watu wamezaa na kuzeekea humo kwa amani. Kwa hivyo dalali huenda hakudanganyi hata kidogo. Amekwambia bei ya nyumba, nawe umesikia bei ya nyumba na kiwanja.

Shida ni hizi. Hutapata hatimiliki kwa jina lako, kwa sababu ardhi si ya muuzaji. Benki haitaipokea iwe dhamana, na Sacco nyingi hazitaipokea pia. Ukitaka kubomoa ujenge ghorofa, sharti mwenye ardhi akubali. Na siku mwenye ardhi akifariki warithi wake wakauza kiwanja kwa tajiri, utakuwa unabishana kuhusu fidia ya mawe na mabati.

Kwa mwenyeji ambaye familia hizo mbili zimejuana tangu enzi za babu, yaweza kumfaa. Kwa mgeni anayeleta milioni 3 za kujinyima, hapana.

Ukifikia kununua fleti, Sheria ya Mali za Vitengo ya mwaka 2020 inakuruhusu kuwa na hati ya fleti yako mwenyewe, si karatasi ya hisa za kampuni ya jengo peke yake. Muulize muuzaji kama jengo limeshagawanywa kwa sheria hiyo. Fanya sachi mwenyewe, yaani ukaguzi wa rekodi za ardhi, kupitia wakili wako, si wakili wa muuzaji. Tenga pia ushuru wa stempu, ambao kwa mali ya mjini ni asilimia 4 ya thamani, kabla ya ada za wakili. Kwa nyumba ya milioni 5 hiyo ni laki mbili, na wengi huikumbuka pesa ikishaisha.

Mwalimu Mstaafu

Mnazungumzia shule kana kwamba watoto wote watatu ni sawa. Wale wawili wadogo watahama bila shida. Chukua barua ya uhamisho kwa mwalimu mkuu, hakikisha namba zao za mfumo wa wizara ziko sawa, basi.

Wa kufikiriwa ni Zawadi. Alama za kwenda sekondari ya juu hazitoki kwenye mtihani mmoja. KPSEA, ile tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6, ina asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 zina asilimia 20, na mtihani wa Gredi ya 9 una 60. Kwa hivyo asihamishwe katikati ya muhula wakati miradi ya tathmini haijakamilika, na usiondoke Nakuru bila kuhakikisha alama zake zimeingizwa. Akianza Gredi ya 9, aanze Januari akiwa tayari kwenye shule ya Mombasa, maana usajili wa mtihani hufanywa shuleni kwake na kubadilisha kituo baadaye ni kuhangaika na ofisi.

Jambo la pili, shule za kutwa anazochagua huangalia kaunti ndogo anayokaa. Mkimweka Mtwapa, mnachagua shule za kutwa za Kilifi. Mkimweka Kiembeni, ni Kisauni. Kama hamtaki bweni, hilo lina uzito kuliko kodi ya nyumba.

Mama wa Tudor

Mwalimu amenifanya nilegee kidogo. Kwa wadogo, sawa, Kiembeni. Lakini kwa Zawadi bado nasema shule za kutwa za kisiwani zina ushindani wa kumsukuma mtoto. Na baba, usidanganywe na hadithi ya kupita kabla jua halijachomoza. Mwezi wa kwanza utaamka. Mwezi wa sita je?

Baba Zawadi

Ahsanteni sana, nimesoma yote na mke wangu pembeni. Dalali wa Majengo nilimpigia nikamuuliza lile swali la Wakili. Akanyamaza kidogo, kisha akasema "kiwanja ni cha mzee mmoja mzuri sana, hana shida". Tumeachana naye.

Mikindani na Mtwapa tumezifuta. Mke ameamua, na mimi nimekubali: tutapanga Kiembeni mwaka mmoja, wadogo wawe naye Bamburi. Zawadi tutamwacha amalize Gredi ya 8 Nakuru kwa shangazi yake, aje Desemba. Nikishindwa na daraja, tutajadili Tudor mkataba ukiisha. Kununua tumeahirisha, ingawa ya Ng'ombeni yamenikaa kichwani.

Swali la mwisho. Nimetumiwa picha za nyumba mbili. Moja 28,000, nyingine 34,000, vyumba vitatu zote, mtaa mmoja. Mbona tofauti ni kubwa hivyo?

Mkazi wa Kiembeni

Maji, ndugu yangu. Picha haionyeshi maji.

Uliza nyumba ya 28,000 yapata maji ya mfereji siku ngapi kwa wiki, tangi ni la lita ngapi, na ni la nyumba yako au la jengo zima. Kama kuna kisima, onja. Sehemu nyingi huku maji ya kisima ni ya chumvi, ya kuogea na kupigia deki tu. Ya kupikia na kunywa utanunua kwa mitungi ya mkokoteni. Mfereji ukikauka wiki nzima, wapangaji huchangishana boza, lori la maji. Piga hesabu ya mitungi na boza kwa watu watano, uijumlishe kwenye hiyo 28,000, ndipo ulinganishe. Mara nyingi ile ya 34,000 ndiyo rahisi.

Na usimuulize mwenye nyumba. Simama langoni jioni, umuulize mama yeyote anayetoka na ndoo.

Jirani wa Mtwapa

Muulize na tokeni ya stima kama mita ni yako peke yako au mwachangia na ghorofa ya chini. Hiyo nayo huvunja ujirani.

Baba Zawadi

Nimeandika yote mawili. Nashuka na SGR Ijumaa, Jumamosi jioni nitakuwa langoni. Mkazi wa Kiembeni, kama uko karibu nitakuinbox tuonane.

Mkazi wa Kiembeni

Niko. Njoo na mwavuli, mawingu yameanza.