Naomba ushauri: kuchomelea mkanda wa alumini na chuma kwenye boti

Habari za saa hizi wakuu, naombeni msaada kwa wenye uzoefu na vyombo vya majini. Tuna boti hapa karakana, bodi lake la chini ni chuma na kabini ya juu ni alumini, zamani zilifungwa kwa bolti na sasa maji chumvi yameila alumini yote pale zinapogusana. Kwa vile alumini na chuma huwezi kuvichomelea moja kwa moja vikashika, mwenye boti ameagiza ule mkanda uliounganishwa kwa mlipuko wa baruti, chini chuma, katikati alumini laini, juu alumini ya baharini, ili chuma kichomelewe kwenye bodi na alumini kwenye kabini. Ukiangalia ubavuni pale ulipokatwa unaona kabisa mstari wa mawimbi madogo madogo, kazi nzuri sana ile.

Shida ni joto, maana pale kwenye muungano inabidi lisipite nyuzi 300 hivi, likizidi linajengeka tabaka gumu linalovunjika kama glasi na mkanda unabanduka. Nimejaribu kwenye kipande cha pembeni kwa mishono mifupi mifupi, napumzisha, napima kwa chaki ya joto (ile inayoyeyuka joto likifika kiwango chake), upande wa alumini uko poa ila wa chuma joto linapanda haraka mno.

Sasa wenzangu mnaanza upande upi, alumini au chuma? Na pale mikanda miwili inapokutana kichwa kwa kichwa, kwa kuwa huwezi kuchomelea kuvuka ule mstari, mnaziba na nini maji yasipenye?